Punguza Geini, Inua Mido

Wasee, tuanze na mpiga gita Tom Morello. Alizaliwa Harlem, New York, 1964. Mathe yake ni Mary Morello, na mbuyu yake, Ngethe Njoroge, alikuwa mwanadiplomasia wa Kenya. Kwa hivyo alipokuwa akipanda steji na bendi ya Rage Against the Machine, hapo kulikuwa na damu yetu. Lakini leo nataka tucheki ile ampu iko nyuma yake. Ni Marshall JCM800, modeli ya 2205, wati 50, imekalia kabati ya Peavey yenye spika nne za inchi 12. Ameshikana nayo tangu kabla albamu yao ya kwanza itoke 1992. Alitafuta sauti yake, akaipata, akaweka alama penye kila nobu imesimama, akaachana nayo. Akili yote ikahamia kwa mikono: pedali ya Whammy, pedali ya wawa, na ile swichi ya pikapu anaichezesha hadi unaskia didjei akikwaruza sahani. Kwa hiyo albamu waliandika wazi ati hakuna sampo, hakuna kinanda, hakuna sinthesaiza. Yote ni gita.

Hiyo risto inanibamba mbaya, juu wengi wetu tunaishi na ampu kinyume kabisa. Mbogi imelipia masaa mbili za kujam, msee wa gita anamaliza saa nzima akizungusha nobu. Kwa simu ako na picha ya setingi za msee fulani maarufu, anaiga namba moja moja, na bado sauti inadinda. Lazima idinde. Hizo namba zilikuwa za ampu ingine, spika zingine, chumba ingine na mkono ingine. Ukishajua kenye kinaendelea ndani ya boksi, namba za mtu hazikusumbui tena. Unatafuta zako, unaweka alama, unapiga ngoma.

Mababu watatu

Tukibonga juu ya ampu za kitambo zenye geini ya nguvu, kuna tatu lazima uzijue.

Ya kwanza ni hiyo Marshall. Jim Marshall alikuwa mpiga drams, akafungua duka Hanwell, London, 1960. Wapiga gita wakakuja kumwambia wanataka ampu yenye meno kuliko za Marekani. Yeye na mafundi wake, Ken Bran na Dudley Craven, wakachukua saketi ya Fender Bassman, wakatoa JTM45. Hizo za kwanza zilikuwa na shida moja: ndio upate distosheni lazima ufungulie sauti hadi mwisho, mtaa mzima uskie. 1975 wakaleta modeli ya 2203 yenye masta voliumu. Sasa ungeweza kuchoma valvu za mbele na nobu moja, alafu uamue sauti itoke na nguvu gani na nobu ingine. 1981 hiyo familia ikavalishwa jina JCM800, herufi zikiwa za James Charles Marshall mwenyewe, na jina zima likitoka kwa namba ya ndai yake. Metali na haadkoo za miaka ya 80 ziliishi kwa hiyo ampu.

Ya pili ni Mesa/Boogie Mark IIC+ ya California, ya katikati ya miaka ya 80. Randall Smith alianza kwa kuchukua ampu ndogo za Fender Princeton na kuziwekea mapafu ya ampu kubwa. Akaendelea kuongeza hatua za geini hadi akafika hiyo IIC+. Ukitaka kuiskia, weka Master of Puppets ya Metallica, 1986, usikize magita yanavyokata.

Ya tatu ni Peavey 5150, 1992. Peavey ni wa Meridian, Mississippi. Fundi wao James Brown alikaa na Eddie Van Halen wakaijenga pamoja: valvu tano za mbele, valvu nne za 6L6 nyuma, wati 120. Eddie alipoondoka na jina lake, kampuni ikaibandika jina mpya, 6505, na ikaendelea kuuza. Vijana wa metali wa miaka ya 90 na 2000 waliipenda hadi ikawa ndio sauti ya kawaida ya metali.

Kila ampu iko na mlolongo wake

Hapa ndio penye siri iko, kwa hivyo shika rada.

Ndani ya kila moja ya hizi ampu, sauti ya gita inapita valvu moja baada ya ingine. Kila valvu inaikuza, na ikikuzwa kupita kiasi inakatwa vichwa. Hiyo ndio distosheni. Mahali fulani kwa hiyo safari kuna kikundi cha nobu tatu: besi, mido, trebo. Swali kubwa ni hili: hizo nobu ziko kabla ya distosheni ama baada?

Kwa 2203, ziko baada. Gita inaingia, inapita valvu, inafika nobu ya geini, inachomwa tena na tena, ndio sasa inapitia besi, mido na trebo, alafu masta, alafu valvu kubwa za EL34. Maana yake ni ati nobu za toni zinachonga sauti yenye tayari imeiva. Ukiongeza besi, unaongeza uzito kwa sauti iliyokwisha kuchomwa, na bado inabaki imeshikana.

Kwa Mark IIC+, ziko kabla. Gita inapita valvu moja tu, inakutana na besi, mido na trebo, ndio inaenda kuchomwa. Hapo nobu zinaamua nini kitachomwa. Ukiweka besi kwa 6 venye umezoea kwa Marshall, mawimbi ya chini yanavamia valvu, na kila ukipiga rifu ya haraka unaskia matope. Ndio maana wenye wanaijua hiyo ampu wanaweka besi kwa 1 ama 2, trebo 7 ama 8, mido chini kidogo. Trebo kwa hiyo ampu ni ka geini ya pili. Alafu mwisho wa safari kuna ekwalaiza ya slaidi tano: 80, 240, 750, 2,200 na 6,600 hezi. Hapo ndio wanarudisha ule uzito walitoa mwanzo. Wanapandisha 80, wanashusha 750, wanapandisha 6,600, slaidi zinakaa herufi V. Msee akiona hiyo V kwa picha anaenda kuiweka kwa Marshall, anakata mido yote, na anapotea kwa bendi. Haikuwa siri ya V. V ilikuwa inasawazisha kenye kilitolewa kule mbele.

Kwa 5150, nobu za toni ziko baada, karibu na ile fomu ya Marshall, lakini geini ni nyingi mno. Nobu ya geini ikifika 5 tayari umefika penye unataka. Kutoka 6 kwenda 10 unaongeza kelele, mluzi na mchanga. Iko pia na nobu mbili zinafanya kazi na valvu za nyuma: presensi kwa sauti za juu, na rezonansi kwa sauti za chini kabisa. Hiyo rezonansi ndio inafanya kifua kitetemeke. Weka 5, skia, alafu uamue.

Kuna kitu ingine kuhusu toni ya Marshall nataka ushikanishe. Hizo nobu tatu haziongezi kitu. Zinapunguza tu, na kila moja inagusa zingine. Shusha zote tatu hadi 0 kwa JCM800 na sauti inapungua. Na ukiziweka zote 5, sauti bado iko na shimo katikati, juu ndivyo saketi imejengwa. Kwa hivyo mido kwa 7 ama 8 kwa hii ampu hujazidisha kitu. Umejaza tu shimo.

Alafu hata ampu mbili za mwaka mmoja zinatofautiana. Ile potenshiometa iko ndani ya nobu inaruhusiwa kukosea kwa asilimia 20 na bado inauzwa. Kapasita zinakauka na miaka, rizista zinahama kidogo kidogo, valvu zinachoka. JCM800 ya 1983 yenye haijaguswa na ile imepitia kwa fundi zinaweza kusimama kando kwa kando, nobu zote sawa, na zikatoa sauti mbili tofauti kabisa. Namba kwa uso wa ampu ni za kukusaidia urudi penye ulikuwa. Sauti hazikuambii.

Masikio ya kejani, masikio ya steji

Wasee wengi wanatafuta sauti wakiwa peke yao, sauti chini, usiku, juu jirani amechoka. Hapo ndio shida inaanzia.

Watafiti Fletcher na Munson walipima hii mambo 1933: sauti ikiwa chini, sikio la binadamu linakosa besi na trebo kwanza. Kwa hivyo ukiwa kejani unaongeza besi, unaongeza trebo, unakata mido, na inaskika tamu balaa. Alafu unafika kwa bendi, unafungulia masta, sikio linarudishiwa besi na trebo yote lilikuwa linakosa. Besi inavuma, trebo inachoma, na mido, yenye ndio gita inaishi, haipo.

Cheki pia penye kila mtu anakaa. Waya nzito ya gita ikiwa tuning ya kawaida iko karibu hezi 82. Waya nzito ya gita la besi iko karibu hezi 41. Hiyo noti ya besi iko na ovatoni yake ya kwanza hapo hapo kwa 82, na dramu kubwa ya mguu inatwanga mitaa hiyo hiyo. Ukijaza besi kwa ampu yako, mko watatu kwa kiti kimoja na hakuna mtu anaskika. Gita inakata kutoka karibu hezi 500 hadi 2,000 na zaidi kidogo. Hapo ndio rifu inasimama.

Sisi wa Nairobi tuko na mtihani wa ziada. Masikio yetu yalilelewa na nganya. Ukipanda gari ya Rongai unakaa ndani ya besi, na trebo inakuchapa juu, na katikati kumeachwa wazi. Naipenda hiyo sauti na sitaiacha. Lakini imetengenezwa kwa ngoma yenye imeshamalizwa na prodyusa, kila kitu kimewekwa mahali pake. Gita ndani ya bendi ni kipande kimoja. Ukiipa fomu ya nganya, umeikata ulimi.

Venye nikitafuta sauti natafuta

Naanza na masta. Kwanza bendi ipige, drams zikiwa na nguvu ya kawaida, na mimi nipande hadi nikae sawa na sneya. Kabla hapo sigusi toni. Usibabaishwe na wati. Wati 100 na wati 50 zimeachana na desibeli 3 tu, kwa hivyo ampu ya 50 inatosha kila ukumbi tunaopigia.

Pili, geini. Naishusha hadi 3, napiga kodi ya noti tano ama sita, alafu napandisha polepole. Kuna mahali kodi inaanza kuimba na bado unaskia kila noti ndani yake. Ukipita hapo, noti zinayeyuka zinakuwa ukuta mmoja. Narudi nyuma kidogo kutoka kwa huo ukuta na nasimama. Mara nyingi huwa chini ya penye mkono ulikuwa unataka, juu geini nyingi ni tamu kwa mkono: inaficha pigo lenye halikuwa safi, inafanya noti ikae muda mrefu. Kwa msee ako mbele ya steji, hiyo tamu haifiki. Yeye anaskia mvumo.

Tatu, mido. Hapa namwambia msee wa besi na msee wa drams warudie rifu moja bila kusimama, na mimi napiga nayo, mkono wa kulia ukizima waya kwa daraja la gita. Napandisha mido kutoka 4. Kwa 5 naskia gita iko mahali fulani nyuma ya sneya. Kwa 6 naanza kuskia piki ikigonga waya. Kwa 7, kwa JCM800, gita inatoka mbele bila mimi kugusa masta. Hiyo ndio dakika unaamini. Sauti haijaongezeka, lakini ghafla watu wote kwa chumba wanajua unapiga nini.

Nne, besi. Msee wa gita la besi akiendelea kupiga, naishusha ya ampu yangu hadi gita ianze kuskika nyembamba, alafu narudisha kidogo. Nikiskia peke yangu inaskika nyembamba. Nikiskia na bendi imejaa, juu uzito unatoka kwa besi mwenyewe na sisi wawili tumekuwa kitu kimoja.

Tano, trebo na presensi. Hapa lazima utembee. Spika za inchi 12 zinatupa sauti za juu mbele moja kwa moja ka tochi. Ukisimama juu ya kabati, magoti yako ndio yanaskia trebo na masikio yako hayana habari. Unaongeza, unaongeza, na mashabiki wa mbele wanaumia. Nenda simama penye wao watasimama, inama sikio lifike mbele ya spika, alafu ndio uamue.

Kwa JCM800, hizi ndio namba naanza nazo kabla sijaanza kuskiza: presensi 4, besi 4, mido 7, trebo 5, geini 6, masta penye drams zinadai. Zikiwa mahali pengine mwishoni, ni sawa kabisa.

Kuikaza bila kuongeza geini

Kuna wasee watasema JCM800 haina geini ya kutosha kwa metali ya sasa. Ukweli ni ati mbele yake wazee waliweka pedali. Ile ya kijani ya Ibanez, Tube Screamer, ama ile ya njano ya Boss, SD-1 ya 1981 yenye Zakk Wylde ametumia miaka na Marshall zake. Mbinu ni hii: draivu ya pedali weka 0 ama karibu na 0, levo ipande juu, toni katikati. Hapo pedali haikupi distosheni yake. Inakata besi kabla gita ifike kwa valvu, inasukuma mido ya karibu hezi 720, na inagonga valvu ya kwanza kwa nguvu. Rifu ya haraka inakazana, kila pigo linasimama peke yake. Ni ile akili ya Mark IIC+ kabisa: toa besi kabla ya moto, utairudisha baadaye.

Hata 5150 yenye geini imejaa, watu wanaipatia hiyo pedali mbele, wanashusha geini ya ampu hadi 3 ama 4, na inakaa safi kuliko ikiwa 8 peke yake. Ukiona ampu yenye ina geini kuliko zote bado inataka kukazwa, ujue geini na uzito ni vitu mbili tofauti.

Stima na usalama

Ukibahatika kupata moja ya hizi huku, cheki stima kwanza. Marshall iliyouzwa Uingereza inaingia kwa stima yetu ya volti 240 na hezi 50 bila noma, na hata plagi ni ile ile ya miguu mitatu ya mraba. Mesa ama Peavey iliyouzwa Marekani inataka volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja umeiua. Lazima upate transfoma ya kushusha yenye inaweza kubeba wati za hiyo ampu na zaidi.

Stima ikipanda na kushuka, ampu ya valvu inaskia. Eddie Van Halen alitumia hiyo makusudi: alishusha volti zinazoingia kwa Marshall yake na kifaa kinaitwa Variac, na sauti ikawa laini na ya kahawia, ile watu bado wanaitafuta hadi leo. Yeye aliamua mwenyewe ishuke wapi. Stima ya mtaa ikikuamulia, setingi za asubuhi hazitakuwa za jioni. Stebilaiza nzuri inalinda ampu na inalinda sauti yako.

Na hii usipuuze hata siku moja. Usiwashe ampu ya valvu bila spika kuunganishwa, na omu za kabati ziendane na zenye zimechaguliwa nyuma: 4, 8 ama 16. Usifungue boksi ukajaribu kugusa ndani. Kapasita zinashikilia volti zaidi ya 400 hata baada ya kuchomoa plagi, na hizo zinaua. Kuna mafundi wanajua hiyo kazi. Wapelekee.

Hata bila ampu, hii ni yako

Najua wengi wetu hatuna Marshall kejani. Tuko na laptop, ama ile boksi ndogo ya pedali yenye ampu kumi ndani. Hizo ampu za programu zimeigwa kutoka kwa hizi hizi, na zile nzuri zimeiga hadi mlolongo wa saketi. Ukichagua ile inaitwa jina linakaribia Boogie, shusha besi kabla ya kila kitu. Ukichagua yenye inakaa 800, inua mido. Ukichagua yenye inakaa 5150, anza na geini kwa 4. Alafu usimalizie setingi na hedifoni peke yake. Weka drams na besi kwa hiyo rekodi, skiza gita ikiwa ndani yao, panda sauti kidogo, ndio uamue.

Nairobi ina wasee wanapiga vitu nzito kitambo. Last Year's Tragedy, Parking Lot Grass, Seeds of Datura, na kutoka kwa hiyo hiyo familia wakatoka Duma, wenye 2020 walitoa albamu na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala na dunia ikaamka. Hawakuskika huko nje juu waliiga setingi za mtu. Waliskika juu walikuwa na kitu ya kusema na ikasikika wazi.

Kwa hivyo jam ijayo, omba mbogi dakika ishirini za kutafuta sauti mkiwa wote, drams zikilia. Ukiipata, chukua tepu ya karatasi, weka alama kwa kila nobu, piga picha na simu. Alafu funga hiyo stori ya setingi na uandike rifu mpya usiku huo huo.